Futi Tano Zilizopotea Chini ya Baraza

Fundi alipima mara tatu, kisha akakaa kwenye ngazi za besimenti akanitazama kama mtu aliyefichwa jambo.

"Mama," alisema, "nyumba yako iko murefu inje kuliko ndani."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Alinipandisha juu, tukatoka nje, akanipa ncha ya futi yake niishike kwenye kona ya nyuma ya nyumba, naye akaenda nayo hadi mbele, pale msingi wa mawe unapoishia chini ya baraza. Akaandika namba kwenye kipande cha mbao. Tukarudi chini, tukapima tena, safari hii kwa ndani, kutoka ukuta wa nyuma hadi ukuta wa mbele. Akaandika. Kisha akanionyesha namba zote mbili kwa kidole chenye vumbi. Zilipishana kwa futi tano na kidogo.

"Bon. Inchi mbili, inchi tatu, hiyo ni kawaida, nyumba ya zamani inapinda," alisema. "Lakini futi tano? Futi tano ni chumba."

Mama yangu alikuwa jikoni, juu ya vichwa vyetu. Nilisikia kiti chake kikiburutwa polepole sakafuni.

Nyumba hiyo iko katika kimtaa kinachoangukia Grant Street, hapa Buffalo, na nilikuwa nimeishi ndani yake miaka miwili bila kushuka besimenti ila kwa haja. Chini kulikuwa na mashine ya kufulia, tangi la maji ya moto, na kuta zilizofunikwa mbao za kahawia za zamani zilizonuka kama kabati la marehemu. Nilikuwa na vyumba viwili vya kulala, kimoja changu na kimoja cha binti yangu wa miaka kumi na mmoja. Ilinitosha. Lakini kaka yangu akanipigia simu kutoka Louisville.

Mama alikuwa akiishi naye huko, kwenye nyumba za kupanga za Highview. Kaka anafanya kazi ghalani, anaondoka alasiri. "Akibaki peke yake anasukuma meza nyuma ya mlango," aliniambia. "Juzi nimesimama nje nusu saa nzima nikibembeleza anifungulie. Ananiuliza nimevaa viatu gani." Akaongeza: "Mchukue, dada. Kwako kuna mtoto. Labda sauti ya mtoto itamtuliza."

Suala la viatu halikunishangaza. Mama alikuwa hivyo tangu utoto wetu. Mgeni akija, macho yake yalitua kwanza miguuni, yakakaa hapo, ndipo yakapanda usoni kama yanapanda mlima. Kambini Kigoma, nilikozaliwa, watu walimsifu kwa hilo. Mjane mnyenyekevu, walisema, hainui macho mbele za watu. Hata mchungaji alimtolea mfano kanisani. Na sisi watoto tuliamini hivyo. Tukimuuliza kuhusu baba alitujibu sentensi moja, ile ile, kwa Kirundi: baba yenu alifia njiani. Njia ipi, hakusema. Nasi tulikuwa tumezungukwa na watoto ambao baba zao walifia njiani, kwa hiyo hatukuona cha kuuliza zaidi.

Nikaenda kumchukua kwa gari. Tuliporudi tulilala Columbus kwa binamu yangu, ambaye alikuwa na hamu ya kutuonyesha besimenti yake. Kweli ilipendeza: kuta za jipsamu zilizonyooka kama karatasi, rangi ya maziwa, taa zilizozama darini, zulia. Hungejua kwamba umo ardhini. Nikaona hapo hapo jinsi binti yangu atakavyoshuka kwenye chumba kama kile, na mama akachukua chumba chake cha juu, karibu na bafu, bila kuhangaisha magoti. Binamu akanisifia fundi aliyeifanya: Mkongomani wa Uvira, mtu wa makamo, hafanyi haraka, hafanyi vibaya, ana shemeji yake Buffalo atakayemlaza.

Mama alikataa kushuka kuangalia. Alisimama juu ya ngazi ameshika kizingiti.

"Chumba kisichoona nje," alisema, "ni shimo lililopakwa rangi."

Tulidhani ni magoti.

Fundi alikuja mwisho wa kiangazi. Alikuwa mtu mwembamba mwenye nywele za kijivu upande mmoja tu wa kichwa, na alifanya kazi peke yake, bila msaidizi, bila redio. Alinieleza mapema kwamba chumba cha kulala cha chini lazima kiwe na dirisha ambalo mtu anaweza kutokea moto ukiwaka, la sivyo mkaguzi wa jiji hapitishi. Kwa hiyo kwanza angeng'oa zile mbao za kahawia zote, aone mawe yalivyo, achague pa kutoboa dirisha, asimamishe fremu, ndipo abandike jipsamu.

Mimi nilikuwa kazini Tonawanda, kiwanda cha vifuniko vya plastiki, zamu inayoanza alfajiri na kuisha saa tisa mchana. Kwa hiyo mama ndiye aliyebaki nyumbani na fundi. Niliporudi siku ya pili nilimkuta jikoni amekaa kitini miguu ameikunja juu, hairuhusu kugusa sakafu, viatu amevivua na kuviweka mapajani.

"Mama, vipi?"

"Tembea taratibu," alisema. "Kuna watu chini."

"Ni fundi."

"Fundi ni mmoja," alisema. "Mimi nasikia wawili. Huyu akipiga nyundo, na yule anapiga. Huyu akikohoa, yule anasubiri kidogo, anakohoa."

Nilimwambia ni mwangwi. Nilimpikia chai. Lakini jioni ile, fundi akiwa ananawa mikono kwenye sinki la kufulia, nilimsikia akijisafisha koo, na sekunde moja baadaye, upande wa mbele wa nyumba, nikasikia kitu kikijisafisha koo pia, kwa sauti ndogo, kavu. Fundi aligeuza shingo. Tulitazamana. Kesho yake ndipo alipoamua kupima.

Sasa alikuwa anagonga ukuta wa mbele kwa vifundo vya vidole, akitembea kutoka kona hadi kona. Hapa pamejaa. Hapa pamejaa. Hapa akaacha mkono hewani.

"Njo usikie."

Nikasogea. Penye ufa kati ya mbao mbili, hewa baridi ilikuwa ikitoka na kuacha, ikitoka na kuacha. Nje kulikuwa na upepo siku ile, najua. Hata hivyo niliondoa shavu langu haraka.

Aling'oa mbao sita. Nyuma yake kulikuwa na mlango mdogo wa mbao, mfupi kuliko mimi, uliopakwa rangi ile ile ya mawe. Haukuwa na kitasa upande wetu. Fundi alipitisha msumeno mwembamba kwenye upenyo, akahangaika, na kitu cha chuma kikaanguka upande wa pili. Mlango ukafunguka wenyewe, kuelekea ndani. Aliinama akakiokota kile chuma na kunionyesha kwenye kiganja chake. Lilikuwa komeo.

"Komeo ilikuwa ya ndani," alisema. Alisubiri niielewe sentensi hiyo. "Donc mtu hakufungiwa. Alijifungia."

Kilikuwa chumba kirefu chembamba chini ya baraza. Zamani, fundi alisema, watu walihifadhi humo makaa ya mawe. Lakini sakafu ilikuwa imefagiliwa na mtu aliyejali, na vumbi lililokuwepo lilikuwa vumbi la miaka tu, jepesi, lililolala sawasawa. Kulikuwa na kiti kimoja chenye mikono, mikono yenyewe imeng'aa kwa kushikwa. Blanketi limekunjwa pembe nne. Kikombe cha bati kikining'inia msumarini. Chini ya kiti, ndara za mwanamume, zimepangwa mguu kwa mguu, ncha zikielekea mbele.

Kiti kilitazama ukuta. Kwenye ukuta, usawa wa macho ya mtu aliyekaa, jiwe moja halikuwepo, na mwanga wa mchana uliingilia hapo. Mwanya wenyewe haukuzidi bahasha. Niliinama nikachungulia. Ngazi zetu za mbele ni za mbao, zimeachwa wazi kwa nyuma, na mwanya ulikuwa nyuma yake hasa, kivulini, ambapo mtu wa nje hawezi kuuona. Niliona njia yetu ya saruji, nyasi, na kipande cha mtaa. Vyote kwa usawa wa kifundo cha mguu.

Wakati ule ule mtu akaja. Buti nyeusi, soksi za kijivu. Zikapanda ngazi moja, mbili, tatu, zikapita mbele ya macho yangu karibu kiasi kwamba niliona uzi uliofumuka kwenye mshono, kisha zikawa juu ya vichwa vyetu. Zikasimama. Fundi alinishika mkono. Sote wawili tulikuwa tumebana pumzi, watu wazima, ndani ya nyumba niliyoilipia mimi mwenyewe. Kisanduku cha barua kikalia. Buti zikashuka, zikaenda zake.

"Ni wa barua," nilinong'ona.

"Ndiyo," naye akanong'ona. "Kwa nini tunanong'ona?"

Jirani yetu wa kushoto ni bibi wa Kizungu aliyezaliwa kwenye nyumba ile ile anayoishi, enzi mtaa mzima ulipokuwa wa Waitaliano. Nilimwendea siku hiyo hiyo. Nilipomwambia kuhusu kiti, aliweka chini mkasi wa maua, akavua glavu moja, akaisahau nyingine mkononi.

Nyumba yangu, aliniambia, ilikuwa ya mwanamke ambaye kaka yake alirudi kutoka vitani akiwa mzima wa mwili. Alikula, aliongea, alichonga vitu vidogo vya mbao. Lakini mtu akigonga mlango, alishuka chini. Mwanzoni alipanda tena mgeni akiondoka. Baadaye akawa anakaa huko mchana kutwa. Watoto wa mtaa hawakujua sura yake. Yeye alimjua kila mmoja wao.

"Alitujua kwa viatu," alisema. "Kamba ya kiatu chako ikikatika, baada ya siku mbili dada yake alikuletea mpya. Hakuna aliyemwambia. Mimi nilipata nyekundu." Alitabasamu, halafu tabasamu likamwisha. "Mama yangu alinikataza kuzivaa."

Yule mtu wa chini alikufa hospitalini, mzee. Dada yake akarudi kutoka maziko, akaita mtu, akafunika ule mlango kwa mbao. Nani basi alilifunga komeo kwa ndani, sikuthubutu kuuliza.

Nilipomsimulia mama habari hizi nilitarajia aogope. Badala yake alisimama, akavaa viatu vyake, akaenda kwenye mlango wa besimenti. Alishuka ngazi zile kwa makalio, moja baada ya nyingine kama mtoto mdogo, maana magoti hayakumruhusu, na sikuweza kumzuia. Fundi alimsogezea taa. Mama aliingia kwenye kile chumba, akapapasa mkono wa kiti, akakaa. Akatazama mwanya.

Alikaa muda mrefu. Ndipo akaanza kusema, kwa Kirundi, akiutazama mwanya, si sisi.

Alisema vita vilipoanza, mwanamke jirani alimficha chini ya sakafu ya ghala lake la mahindi. Siku nne. Mimi nilikuwa tumboni na kaka yangu alikuwa na miaka mitatu, amemlaza juu ya kifua chake, kiganja juu ya mdomo wa mtoto. Palikuwa na pengo kati ya mbao na ardhi. Kupitia hapo aliona miguu. Aliona miguu ya watu aliowajua, akawajua mmoja mmoja. Huyu wa kandambili za bluu alikuwa anatuuzia chumvi. Huyu mwenye kidole kilichopinda tulisali naye.

"Siku ya tatu vikapita viatu vya baba yako," alisema.

Nikadhani nimesikia vibaya. "Baba alikuja?"

"Viatu vyake vilikuja. Vya kahawia. Kisigino cha kushoto nilikuwa nimekishonea mpira wa tairi mimi mwenyewe. Nikataka kuita." Alipitisha ulimi kwenye midomo. "Lakini baba yako alikuwa anakanyaga kwa upande wa nje wa mguu. Yule aliyevivaa alikanyaga katikati. Vilikuwa vinamkaa vikubwa."

Hivyo ndivyo alivyojua kwamba yeye ni mjane. Hakuna aliyekuja kumwambia. Alijua kwa mwendo wa mtu mwingine.

Fundi hajui Kirundi, lakini alikuwa amevua kofia yake.

Usiku wa siku ile sikumpigia kaka. Nilimpigia kesho yake, wakati wa mapumziko ya kazi, nimesimama nyuma ya kiwanda kwenye kelele za mafeni. Nikamuuliza kama aliwahi kuambiwa chochote kuhusu ghala la mahindi.

"Kuambiwa kwa nini?" alisema. "Mimi nilikuwepo." Kisha akasema: "Nakumbuka ladha ya kiganja chake. Chumvi na udongo. Mpaka leo nikila karanga mbichi inarudi."

Miaka thelathini na zaidi tumeishi, tumekula sahani moja, tumevuka bahari, na hakuwahi kunieleza.

Fundi aliendelea na kuta tatu nyingine. Alitoboa dirisha upande wa bustani, akasimamisha fremu, akabandika jipsamu, skrubu baada ya skrubu, akaziba maungio kwa tepu ya karatasi na puti, akapiga msasa mpaka sote tukawa weupe kama watu waliomwagiwa unga. Ukuta wa mbele aliuacha, kwa sababu mama alimwomba auache. Nilimwambia yeye ndiye fundi na mimi ndiye mwenye nyumba, aufunge. Alitikisa kichwa.

"Mama muzee bado anatumia," alisema. "Mi siwezi kufunga mtu ndani."

Halafu mke wake akapangiwa upasuaji wa jicho, naye akarudi Columbus kwa wiki tatu. Alilirudisha lile komeo mahali pake kwanza, kwa ndani, kwa sababu mama alimwomba na hilo pia.

Ndizo wiki nisizopenda kuzikumbuka. Mama alikuwa anashuka asubuhi baada ya mjukuu kwenda shule, anarudi juu jioni. Alikula vizuri. Alilala vizuri kuliko wakati wowote. Hakusukuma tena meza nyuma ya mlango. Ungesema amepona. Lakini wakati wa chakula alianza kutusimulia waliopita. Leo amepita mwanamke ambaye mguu mmoja unamuuma na hataki mtu ajue. Leo amekuja mtu wa viatu vya kijani, akasimama kwenye ngazi muda mrefu, hakugonga, akaondoka. Nilimuuliza ni nani. "Atarudi," alisema, akachota mboga.

Na mimi nikitoka kazini, nikikata kona ya kimtaa chetu, nilianza kuhisi miguu yangu. Sijui niseme vipi. Mtu hatembei akiihisi miguu yake. Nilikuwa najua kuna jicho chini ya ngazi zangu, najua ni la mama aliyenizaa, na bado shingo ilinisisimka. Binti yangu alianza kuingilia mlango wa nyuma. Nilipomuuliza kwa nini, alinijibu kwa Kiingereza, bila kunitazama, kwamba anapenda tu.

Kisha kiwanda kikanihamishia idara nyingine, kwenye mashine kubwa, na msimamizi akanipa buti mpya zenye chuma puani. Raba zangu za bluu nilizozizoea niliziacha kwenye kabati la kazini. Nilirudi nyumbani na zile buti, nzito, zikinivuta mwendo. Nilipanda ngazi, nikafungua kwa ufunguo, nikaingia.

"Mama, nimerudi!"

Binti alikuwa bado mazoezi ya kwaya shuleni. Nikazunguka vyumba. Nikaita tena. Kila nilipokanyaga, buti zilitoa mshindo ambao hata mimi sikuutambua. Nikashuka chini. Taa ilikuwa imezimwa. Ule mlango mdogo ulikuwa umefungwa, na niliposukuma, komeo likashika.

"Mama, ni mimi. Fungua."

Niliweka sikio kwenye mbao. Alikuwemo. Nilisikia pumzi ya puani, fupi fupi, pumzi ya mtu aliyejiziba mdomo.

Nilimtajia jina langu, nikamwambia mimi ni fulani, mwanawe. Niliongea Kirundi, niliongea Kiswahili. Niliimba hata wimbo aliokuwa akinibembelezea kambini. Kadiri nilivyoongea ndivyo pumzi ile ilivyozidi kuwa ndogo. Ndipo nikaelewa, na kuelewa kwenyewe kulinitia baridi: alikuwa ameona miguu asiyoijua inaingia nyumbani mwa binti yake kwa ufunguo wa binti yake. Na sasa mwenye miguu hiyo alikuwa nyuma ya mlango, anamwita kwa sauti ya binti yake. Alishawahi kuona jinsi vitu vya mtu vinavyoweza kutembea bila mwenyewe.

Sikujua nifanye nini. Nilifikiria kumpigia fundi, kuvunja mlango. Mwishowe nilipanda juu, nikatoka nje, nikafunga mlango wa mbele nyuma yangu. Ilikuwa mwishoni mwa Oktoba, majani yameloa, upepo wa ziwani unachoma. Nilishuka hadi njiani. Nikakaa chini nikavua buti, nikavua soksi, nikavitupa kwenye nyasi. Kisha nikasimama na kupanda ngazi moja, pekupeku, nikasimama hapo hapo.

Nina kovu juu ya mguu wa kulia. Maji ya uji yaliniunguza nikiwa na miaka minne, na mama ndiye aliyeniuguza kwa asali na majani ya mgomba. Niligeuza mguu ule mbele ya mwanya ambao sikuweza kuuona.

Jirani alikuwa kwenye baraza lake akinitazama. Vidole vyangu viliuma, kisha vikaacha kuuma. Sikuita. Nilihisi kwamba sauti yangu ndiyo ilikuwa inamwogopesha. Nikasubiri.

Kitu kikagusa mguu wangu. Vidole viwili, kutoka gizani nyuma ya ngazi, vya baridi na vikavu, vilitua juu ya kovu na kulifuata taratibu kutoka mwanzo hadi mwisho. Nakiri kwamba nilikaribia kupiga kelele. Sikupiga. Nilisimama nikamwacha asome.

Nikasikia komeo.

Nilipofika chini, alikuwa amesimama katikati ya besimenti, chini ya jipsamu nyeupe isiyopakwa rangi, na kwenye kiganja chake palikuwa na alama za meno zilizovuja damu. Nilimkumbatia.

"Nilikusikia," alisema. "Nilikusikia tangu mwanzo. Nikasema, wamemchukua na sauti."

Tulikaa sakafuni mpaka binti yangu akarudi akatukuta, mimi bila viatu, bibi yake ameshikilia mguu wangu. Hakusema Kiingereza siku hiyo. Alisema, "Bibi, njoo ule," kwa Kiswahili cha kuvunjika, akampa mkono.

Asubuhi mama aliniomba simu. Alimpigia fundi mwenyewe, akazungumza naye kile Kiswahili chake cha kambini. "Mwanangu, jicho la mke wako likoje?" Akasikiliza. "Namshukuru Mungu. Basi njoo ufunge."

Fundi alikuja wiki iliyofuata. Mwanya alirudishia jiwe na saruji, kutoka nje. Mkaguzi wa jiji alipita, akaangalia dirisha, akasema kile chumba cha makaa kinaweza kubaki kitupu, mradi kisilalwe. Kiti, blanketi na kikombe tulimpelekea jirani, naye alivipokea bila kuuliza. Ndara hakuna aliyejua pa kuzipeleka, zikabaki mle ndani. Mama alisimama karibu muda wote, akampokeza fundi skrubu moja moja kutoka kwenye kopo. Kipande cha mwisho cha jipsamu kilipopanda kwenye ukuta wa mbele, fundi alisita, akaweka sikio. Akagonga, akasikiliza. Akakohoa kwa makusudi.

"Umesikia?" nilimuuliza.

"Mimi peke yangu," alisema. Lakini alipiga skrubu za upande ule karibu karibu kuliko za kuta nyingine. Niliziona kabla hazijazibwa.

Kaka alikuja kutoka Louisville wiki ya sikukuu ya Shukrani, na fundi akaja na mkewe kutoka Columbus, jicho moja limefunikwa bado. Mama alikuwa ametaka jambo moja: kuweka matanga ya baba na kuyaondoa, kwa kuwa hayakuwahi kuwekwa. Tulipanga viti vya plastiki kwenye besimenti, maana juu pasingetosha. Walikuja Warundi wa kanisani, wakaja Wakongomani, tukapika maharage na ugali na samaki. Mchungaji aliomba. Kisha mama alisimama, mikono nyuma, akataja jina la mumewe lote, la nyumbani na la ubatizo. Nilikuwa sijawahi kulisikia likisemwa kwa sauti kubwa kiasi hicho.

Binti yangu akauliza alikuwa mtu wa namna gani. Nikatafsiri.

Mama alifikiri. Aliinua macho akamtazama mtoto usoni.

"Alikuwa anapiga mluzi vibaya sana," alisema. "Mbuzi walikuwa wanamkimbia."

Kaka alicheka kwanza, cheko lililomtoka kama kikohozi, na watu waliokuwa wameinamisha vichwa wakavinua, na mama akaanza kueleza habari za mbuzi mmoja mweupe, kwa urefu, bila haraka, wakati mke wa fundi akipitisha sahani.